Kwaheri ya kuonana, lini sasa?

Wiki hii tuongee habari za kuagana. Si kuagana kwa wapenzi, hiyo tumeichambua humu mpaka imebaki mifupa. Naongelea washikaji waliosoma pamoja majuu, miaka mitatu minne wakila sufuria moja, halafu siku viza inaisha na kila mtu anashika njia yake.

Mimi shule yangu iliishia kidato cha nne hapahapa Dar, na pasipoti sina. Ila kijiweni kwetu Temeke wamerudi wengi kutoka ng'ambo. Wakishamaliza kutukoga kwa pamba na lafudhi mpya (na hiyo lafudhi, jamani, wiki mbili tu inakwisha), kuna mahali sauti zao zinashuka. Hapo ndipo mimi hutega sikio.

Jamaa yangu mmoja, tuliyekaa naye dawati moja sekondari, alikwenda Pune, India, kusomea kompyuta. Pune ni mji wa wanafunzi, kama kilomita 150 kutoka Mumbai. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1949, na wageni wanamiminika kutoka kila kona: Wayemeni, Waafghani, Wasudani, Wakongo, na sisi Wabongo pia tumo. Mbongo kule hahangaiki sana sokoni. Chai ni chai, duka ni dukan, rangi ni rang, na chapati haihitaji mkalimani.

Walipanga watatu: yeye, Mkongo wa Lubumbashi na Msudani wa Omdurman. Yule wa Lubumbashi anaongea Kiswahili chake, cha kwao, na kila usiku yeye na jamaa yangu walikuwa wakibishana Kiswahili kipi ndicho chenyewe. Msudani akichoka anawaambia maneno mengi mnayogombania ni ya Kiarabu, nirudishieni nilale.

Sasa, watu wanadhani kuagana kunaanzia uwanja wa ndege. Thubutu! Kunaanza mwezi mzima kabla, na mtu wa kwanza ni mwenye nyumba. Mkataba wa kupanga kule mara nyingi huandikwa wa miezi 11, na unapoingia unaweka pesa ya dhamana. Siku ya kutoka anakuja kukagua. Msumari huu ukutani nani kaupiga? Rangi hii mbona imechubuka? Hapo ndipo utawajua marafiki zako, maana kinachokatwa kinakatwa kwa wote, na aliyepigilia picha ya timu yake ukutani ghafla hakumbuki kitu.

Halafu vitu. Kilo za ndege zinahesabiwa, huwezi kubeba feni. Godoro hugawiwa mwaka wa kwanza, baiskeli huuzwa kwa bei ya kutupa. Na madeni yanafufuka! Anayedaiwa anaanza kulala kwa rafiki mwingine. Kuna watu walioishi kama ndugu miaka mitatu, wakaachana bila hata kupeana mkono kwa sababu ya nauli ya riksho. Ukweli ni kwamba wengi huona nafuu kugombania sufuria kuliko kusema nitakukumbuka. Wanaume hasa, sisi ndiyo zetu.

Mkongo alitangulia. Akafunga virago, akacheka, akasema atakuja Dar kuchukua gari bandarini kama wanavyofanya wenzake, basi akaondoka. Huyo haikuuma sana kwa sababu Lubumbashi si mbinguni, malori yanakwenda kila siku.

Kazi ilikuwa kwa Msudani.

Aprili 15, 2023 vita vililipuka Khartoum kati ya jeshi na wanamgambo wa RSF, na uwanja wa ndege wa pale ukafungwa siku hiyohiyo. Omdurman iko ng'ambo tu ya mto Nile. Familia yake ikakimbilia Cairo. Mei 2024 vijana wakamaliza mitihani ya mwisho, na kila Mbongo pale Pune akawa anahesabu siku. Huku mama kashaanza kuulizia bei ya mchele wa pilau. Jamaa yangu anasema alikuwa akiongea na nyumbani kwa simu anatoka nje, anashuka mpaka barabarani, asije akacheka mbele ya mwenzake.

Msudani aliomba kusoma shahada ya pili. Si kwamba anapenda kitabu kiasi hicho, alitaka karatasi ya kumruhusu kukaa. Alimwambia jamaa yangu, "Wewe unarudi. Mimi nabaki kwa sababu sina pa kurudi, usinipe pole, nipe jiko." Akaachiwa jiko la gesi, sufuria zote na feni.

Siku ya safari alimsindikiza mpaka Mumbai, saa kadhaa ndani ya basi, na anajua kurudi atarudi peke yake. Sasa viwanja vya ndege vya India, asiye na tiketi haingii ndani ya jengo. Mlangoni yupo askari, anaangalia pasipoti na tiketi. Kwa hiyo hakuna cha kukaa mkanywa soda mkisubiri ndege. Mnaagana nje pale, kwenye lami, honi zinalia na nyuma yenu kuna familia ina masanduku manane inataka kupita. Msudani akasema, "Maa salama." Jamaa yangu akataka kusema kwaheri ya kuonana, ikamkwama. Kuonana wapi? Akasema "salama" tu, akaingia.

Mnasema siku hizi kuna WhatsApp, si kama wazee wetu waliosoma Moscow wakaachiana masanduku ya posta. Haya. Laini ya India usipoitia pesa kwa miezi kadhaa inafungwa, na namba anaweza kupewa mtu mwingine. Miezi michache baadaye jamaa yangu alituma salamu kwa namba ya Msudani, akajibiwa kwa Kihindi na mtu asiyemjua kabisa.

Kilichomwokoa ni kwamba usiku ule wa mwisho, kabla ya kufunga begi, alichukua pia namba ya dada wa Msudani aliyeko Cairo. Nawe uliyeko Pune, au Wuhan, au Algiers, chukua namba ya nyumbani kwao. Februari 2025 huyo dada ndiye aliyemwambia kwamba kaka yake mzima, kahamia chumba kingine cha bei chee, na jiko bado linawaka.

Tuonane wiki ijayo.