Ukurasa Mzito Haufiki Lokiriama

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaojifunza kuunda kurasa za mtandao huwatwika wenzetu mizigo wala hatujui.

Likizo ya Desemba niliunda ukurasa juu ya mapatano ya amani ya mwaka 1973, ambapo Waturkana na Wamatheniko wa Uganda walizika silaha kwetu Lokiriama. Niliujaza picha, kila moja megabaiti 4. Kwenye kompyuta ya shule ulipendeza ajabu. Lakini nilipoufungua kwa simu ya babu, jamani! Tulingoja chini ya mti mpaka bando likaisha, na picha ya kwanza haijafika nusu. Babu, aliyeshuhudia silaha zikizikwa, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii habari umewaandikia akina nani?" Nilikosa jibu.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni mmoja: ukurasa usiofunguka kwa wale unaowahusu ni kazi bure. Dawa yake si ngumu. Chukua daftari uandike.

Kwanza, punguza picha kabla ya kuiweka. Upana wa pikseli 800 unatosha simu. Zangu zilishuka chini ya kilobaiti 150.

Pili, picha za chini ziongezee loading="lazy", zisiletwe mpaka msomaji azikaribie.

Tatu, kila picha ipe alt="" na ndani ya alama hizo uandike maelezo mafupi. Picha ikikataa kuja, maneno yatakuja, na asiyeona atasomewa na simu yake.

Nne, kwenye html pale juu andika lang="sw", ama lang="tuv" ikiwa umeandika Kiturkana. Bila hivyo, simu huenda ikasoma Kiswahili chetu kwa matamshi ya Kiingereza. Kichekesho kitupu!

Wapo watakaosema eti ukurasa usio na madoido ni ushamba. Hata kidogo! Tim Berners-Lee alipobuni wavuti kule CERN, Uswisi, ukurasa wake wa kwanza ulikuwa maandishi na viungo tu, na dunia ikamfuata.

Basi wenzangu wa Lodwar na Kakuma, tusinakili msimbo wa watu wenye mtandao wa kasi kabla ya kujiuliza nani ataufungua. Likizo ya Aprili nilirudi na ukurasa mwepesi. Nilimsomea babu wote, akanisahihisha mahali pawili. Nimesharekebisha.