Ukumbi kwa Kihispania: Hoja kuhusu Uteuzi wa Istilahi

Mfasiri anayetoka katika Kiswahili kwenda katika Kihispania hana budi kutua anapofikia neno ukumbi. Mbele yake yapo teatro, sala, auditorio na mengineyo, na ni rahisi kuyadhania kuwa ni visawe. Maoni yetu ni kwamba sivyo, na kwamba kigezo cha uteuzi kiwe ni tendo linalofanyika na hadhira inayolitazama, wala si jengo peke yake.

Teatro ina maana zaidi ya jengo: hutaja pia sanaa yenyewe, na hata jumla ya tamthilia za mwandishi mmoja. Auditorio hutaja wasikilizaji pamoja na mahali wanaposikilizia. Ndiyo maana jumba la muziki lililofunguliwa Madrid mwaka 1988 liliitwa Auditorio Nacional de Música, ilhali jumba la opera la mji huohuo, lililofunguliwa mwaka 1850, ni Teatro Real. Sala ni chumba. Hivyo jumba moja laweza kuwa na sala kadhaa. Kama ulivyo ukumbi wetu, sala hutaja pia sehemu ya nyumba ya kuishi. Tablao, iliyotokana na tablado, yaani jukwaa la mbao, ni mahali pa flamenko.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika corral, na hapa safari ya kurudi katika Kiswahili nayo ina mitego. Kwa kawaida neno hili ni zizi. Lakini katika karne ya 16 na ya 17 lilitaja pia ua wa kuonyeshea tamthilia, mfano Corral del Príncipe, lililoanza Madrid mwaka 1583. Humo wanaume wa kawaida walisimama uani, wanawake walitengewa sehemu iliyoitwa cazuela, na wenye uwezo walikodi vyumba vya pembeni. Anayefasiri corral kuwa ukumbi ameuezeka ua huo na kuwaketisha waliosimama. Anayefasiri zizi amewafanya watazamaji mifugo. Ua wa maonyesho ingekuwa tafsiri aminifu zaidi.

Huenda ikadaiwa kwamba muktadha utamwongoza msomaji. Hata hivyo, muktadha wenyewe hujengwa kwa maneno. Istilahi ikikosewa, msomaji hupotezwa kuhusu nani aliketi, nani alisimama na nani alitengwa. Na hayo ni sehemu ya historia ya tamthilia yenyewe.