Uchungu ukianza, mama ale nini mgao ukiwa mdogo?

Kama wewe ni mjamzito Kakuma au Dadaab, huenda umeambiwa usile kitu uchungu ukianza. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mama asiye na hatari kubwa aruhusiwe kula na kunywa, kwani kujifungua huchukua saa nyingi na kunahitaji nguvu. Lakini ushauri peke yake haupiki uji. Mwaka 2025 WFP ilipunguza mgao kwa kukosa fedha, na kuna nyumba zisizo na cha kubeba kwenda hospitali. Anza mapema: familia na majirani wakuwekee kando unga na sukari kidogo. Ukifika, muulize mkunga kwanza. Akisema huenda ukapasuliwa, usile mpaka akuruhusu.