Shoksi za Mbele si za Kupigia Picha

Leo sichekeshi mtu.

Juzi dogo mmoja wa stage yetu hapa Khwisero alinitumia picha ya Boxer yake. Anataka kuitoa shoksi za mbele na kuiwekea zile kubwa za kugeuzwa, zile bomba nene liko juu na jembamba liko chini, kama za pikipiki za motocross. Akaniandikia: "Buda, nataka ikae kama ile yako ya kwenye video." Ndio maana naandika. Ile yangu ya kwenye video iliniangusha na senje wangu, na hiyo sehemu sikuwahi kuposti.

Nianze mwanzo. Nilitoka kampasi mwaka wa pili, karo ilikataa na mimi pia nikakataa. Nikarudi nyumbani, nikanunua nduthi ya mkono wa pili. Asubuhi nabeba watu, jioni natengeneza video: nduthi kwenye matope, nduthi kwenye mawe, nduthi ikiruka tuta. Halafu nikapata shoksi za kugeuzwa za mtumba, Sh18,000. Hiyo pesa ilikuwa ya mabati ya jikoni la mama. Nilijiambia video zitairudisha.

Fundi aliniuliza mara moja kama niko shua. Nikamwambia niko shua kuliko yeye.

Shida ni hii. Zile shoksi zilitengenezewa brek ya diski. Nduthi yangu ina brek ya drumu mbele. Kwenye shoksi zake za kiwandani kuna kidole cha chuma kinachoshika sahani ya brek, ndio isizunguke pamoja na gurudumu ukibana. Shoksi nilizonunua hazikuwa na hicho kidole. Tukachomelea kipande cha chuma, tukapaka rangi nyeusi, ikakaa fiti sana. Nikashuti video. Watu wakapenda. Hakuna hata mmoja aliuliza kuhusu brek.

Kipande kilikaa wiki tano. Siku ya soko nilikuwa nimembeba senje kutoka Luanda, mvua imetoka tu kunyesha, tunashuka mteremko wa marramu karibu na nyumbani. Nikabana brek. Kipande kikakatika, sahani ikazunguka na gurudumu, ikavuta kebo, gurudumu la mbele likafunga. Mimi niliamka na mikwaruzo. Senje alivunjika mkono wa kulia, hapo juu ya kiganja. Msimu huo hakupanda maharagwe.

Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, akiwa na plasta: "Mwanangu, kwani zile za kwanza zilikuwa na ubaya gani?"

Manze, nilikosa jibu. Juu jibu lenyewe lilikuwa aibu. Zile za kwanza zilikuwa zinavuja. Sili mbili, oili ya shoksi na saa chache za fundi, basi. Pesa ya kutengeneza hiyo haikaribii hata robo ya ile niliyotupa.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi boda iachwe na shoksi za kiwandani hadi kufa kwake. Kinyume kabisa. Kwa barabara zetu, kuboresha mbele ya nduthi ni kazi ya maana kuliko taa za rangi, spika na stika zote tunazobandika. Ukishatoka kwa lami ukaingia ndani ndani ya Kisa, unajua mwenyewe: mawe, mitaro, matope mekundu, halafu nyuma una mama mjamzito anakwenda kliniki au magunia mawili ya mahindi. Ninachosema ni kwamba kuboresha ni kitu kimoja na kufananisha ni kitu kingine.

Angalia venye shoksi inafanya kazi. Ndani ya kila mkono kuna springi na oili. Springi inabeba uzito. Oili inapita kwenye matundu madogo na kupunguza kasi ya springi, ndio nduthi isidunde dunde kama mpira. Oili ikiisha, gurudumu linaruka juu ya kokoto, na gurudumu ambalo liko hewani halina brek wala kona. Hii si siri ya Wazungu wa mashindano. BMW R12 ilikuwa na shoksi za bomba zenye oili tangu 1935. Mambo ya zaidi ya miaka 90, na bado tunaendesha tukiwa na mbili kavu.

Pikipiki ya motocross, gurudumu la mbele linapanda na kushuka karibu milimita 300. Za boda nyingi hazifiki hata nusu ya hiyo. Lakini motocross inabeba mtu mmoja, haina keria ya kreti za soda, na fremu yake ilipimwa pamoja na zile shoksi. Ukichukua shoksi ndefu ukaziweka kwa boda, mbele inainuka, pembe ya usukani inalala, uzito unarudi nyuma. Ukiwa polepole kwenye kona yenye matope, nduthi inakataa kugeuka. Hapo ndipo watu huanza kusema ni uchawi.

Kwa hivyo dogo, na wengine wenu ambao mko na mpango kama wake, fanyeni hivi kwanza.

Toeni bomba mlivingirishe juu ya kioo. Likirukaruka, limepinda. Badilisha, usikubali kunyooshewa kwa nyundo. Wekeni sili mpya na mipira ya kuzuia vumbi, juu vumbi la hapa ndilo linakata sili. Mwageni oili ya zamani, mweke oili ya shoksi, kipimo sawa kila mkono. Si ile nyeusi iliyotoka kwa injini, walai.

Halafu pimeni. Chukua kamba ya plastiki ya kubania nyaya, ifunge kwenye bomba jembamba linalong'aa, isukume hadi iguse sili. Panda na mzigo wako wa kawaida, ukae vizuri, kisha ushuke polepole. Kama shoksi imelala zaidi ya kama thuluthi moja ya safari yake, springi zako ni laini kwa kazi yako, na hapo sasa ndipo pesa ya kuboresha inaenda: springi ngumu kidogo za modeli hiyo hiyo. Fundi akikuwekea washa juu ya springi, mbele itainuka, lakini springi yenyewe haijakuwa ngumu. Usilipie hiyo ukidhani umebadilisha kitu kikubwa.

Najua komenti itakayokuja: "Wewe una pesa ya kucheza, sisi tunatafuta unga." Sawa. Lakini stage karibu zote ziko na chama. Tunachangiana matanga, tunachangiana faini. Tukinunua oili na sili kwa wingi, kila wiki nduthi mbili zinafunguliwa, kwa miezi michache stage nzima imekaa sawa. Hatutafika huko kama bado tunasema shoksi ni starehe.

Na tuambiane ukweli mwingine. Sheria ya Trafiki inasema abiria mmoja. Sisi tunabeba mshikaki, watatu na mtoto juu ya tanki, halafu tunalaumu springi. Barabara ni mbovu, ndiyo, na kaunti tuisumbue kila siku. Lakini ile mizigo hakuna aliyetulazimisha.

Sisi wa kontenti tuko na makosa yetu pia. Mimi nilipata laiki nyingi kwa kuwaonyesha kitu ambacho sikuwa nimekijaribu hata kwa mvua moja. Kilipovunjika, nikanyamaza, juu kuanguka hakuna staili. Ile video nimeitoa leo. Nilifaa kuitoa siku ile senje aliwekwa plasta.

Dogo, nimeangalia picha yako tena. Kwenye mkono wa kushoto kuna mstari wa oili umeshikana na vumbi kutoka kwa sili hadi chini. Hiyo ndiyo shida yako yote. Weka zile pesa zako, kuja kwetu Jumapili na sili mbili, tutafungua pamoja na fundi, na safari hii akiniuliza kitu nitamsikiliza. Tutashuti tukifanya.

Senje atatupikia. Mkono ulipona lakini bado hausongi ugali mkubwa vizuri, kwa hivyo kusonga utasonga wewe.