Mate Haiambukize VIH: Murudishe Ndugu Yetu kwenye Sahani



Katika avenyu yetu kuko kijana mumoja, fundi wa pikipiki. Ametukubalia tuandike, bila jina. Tangu jamaa yake wamejua kama anakunywa dawa ya VIH, wamemutengea kikombe chake, wamekipaka alama ya verni nyekundu. Bugali anakulia pembeni. Watoto wamekatazwa kumaliza sombe yenye amebakisha. Mama yake si mutu mubaya. Anaogopa mate.

Tunajua woga ule unatoka wapi. Kuanzia Agosti 2018 mupaka Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 huku mashariki. Wakati ule tuliambiwa mate ya mugonjwa ni hatari, na ilikuwa kweli. Lakini kila virusi iko na njia yake, na VIH haipite kwenye kikombe.

Sababu iko ndani ya mate yenyewe. Karibu 99 kwa mia ni maji. Ile kidogo yenye kubakia ndiyo inafanya kazi: tafuna muhogo muda murefu, utasikia unaanza kuwa tamu, ni mate inageuza unga kuwa sukari. Tena chumvi yake ni kidogo sana kuliko ya damu. Chembe za damu zenye kubeba virusi zikiingia mule zinavimba, zinapasuka. Na kuko protini zenye kuzuia virusi.

Habari hii haikutoka mbali. Mu 1984 waganga Wakongomani, Wamarekani na Wabelgiji walianzisha Projet SIDA kule Kinshasa. Mu 1986 walichapisha uchunguzi juu ya watu wenye kuishi nyumba moja na wagonjwa: walipima damu yao, wakalinganisha na nyumba zingine. Ukitoa bibi na bwana, hawakuona kama ugonjwa unapita kwa kuishi pamoja. Karibu miaka makumi ine! Wakongomani walitoa damu yao dunia ijue, na mama wa kwetu Bukavu mupaka leo hajaambiwa. Hapo ndipo tunakasirika.

Sasa kuko hata kipimo cha kinywani, OMS ilishauri watu wajipime wenyewe tangu 2016. Unapitisha kijiti kwenye ufizi, unangoja dakika 20. Wengine wanasema: "Munaona? Kama wanapima mate, virusi iko mu mate!" Hapana. Kijiti kinatafuta askari wenye mwili umetengeneza kwa kupigana na virusi. (Kikionyesha ndiyo, uende kituoni wapime damu kwanza, usilie mbele ya wakati.)

Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda watu wenye VIH wasibaguliwe. Vizuri, lakini ni nani anaisoma jikoni? Tunaomba serkali: munganga wa kila kituo aeleze jambo la mate kwa Kiswahili, mbele ya familia yote, kama mugonjwa amekubali. Na vijiti vile vifike mu kartie zetu, bure.

Sisi tumeanza. Jumapili tulimutembelea fundi, tukapitishana kopo moja ya kasiksi. Mama alituangalia tu, hakusema kitu. Wakati wa kuaga akaomba tumuelezee tena ile ya chumvi.