Kitabu kwanza, mkanda baadaye

Wiki hii nimemaliza "The Road", kitabu cha Mmarekani Cormac McCarthy cha mwaka 2006, halafu nikaangalia na mkanda wake wa 2009. Dunia imeungua, jua halionekani, watu wanakulana. Baba na mwanawe wanasukuma toroli kuelekea baharini, bastola ina risasi mbili tu.

Mkanda si mbaya, jamani. Viggo Mortensen kakonda mpaka unamhurumia! Ila mama, Charlize Theron, kaongezewa nafasi, na kile kichanga kilichobanikwa motoni wamekiruka. Kitabu hakikuonei huruma.

Tena kitabuni baba hana jina wala sura. Kuna mahali anampa mtoto kakao yote, yeye anajimiminia maji ya moto. Mtoto akamshtukia. Hapo nikamwona mzee wangu, na mkokoteni wake pale Kariakoo, usiku akituambia ameshakula huko huko kazini. Mimi sikuwahi kumshtukia.

Mkanda ulipoanza, sura ya mzee ikapotea, akabaki Mortensen. Kwa hiyo soma kwanza. Mie Jumapili naenda kwa mzee, na chakula natangulia kumpakulia yeye. Tukutane wiki ijayo!