Gari Nalo ni Shahidi

Nikitazama sinema ya mambo ya kale ya nchi yetu, macho yangu huenda kwenye magari kabla ya nyuso. Uso hupakwa rangi ukazeeka au ukarudi ujana. Gari lina mwaka wake.

Tutwae Kipkelion, huko bara, upande wa Kericho penye chai. Stesheni yake zamani ikiitwa Lumbwa. Mwenye kutaka kuuonyesha mji huo mwaka 1952, ilipotangazwa Hali ya Hatari, lazima apige hesabu. Land Rover yafaa, kwani ilianza kuuzwa 1948. Peugeot 404 haifai, ilitoka 1960. Hata namba ina siri yake: ile herufi ya mwisho, kama katika KAA 001A, ilianza 1989.

Lakini kasoro kubwa si hiyo. Sinema ya White Mischief ya 1987 ilisimulia kisa cha Lord Erroll, aliyekutwa ameuawa garini mwaka 1941. Gari la bwana mkubwa hutafutwa, likang'arishwa. Je, lori lililobeba majani ya chai na wachumaji? Mengi ya hayo yameuzwa kwa kilo, vyuma vikuukuu. Ndipo sinema humpa bwana usukani, na mwananchi akapewa vumbi.

Dini imetufunza kuwa kuficha ushahidi ni dhambi. Basi mwenye lori bovu uani, au picha ya babu yake kando ya basi, asitupe. Fundi hodari akipata chasisi na picha, ataliunda upya. Tusipoyahifadhi, wajukuu wetu wataiona safari ya bwana peke yake, wadhani ndiyo historia yetu sote.